Pongezi kwa Wakulima wa Pamba Hai

Viwanda vya ughaibuni huyeyusha selulosi ya miti kwa kemikali, kisha huisukuma kwenye vitundu vyembamba ili ipatikane nyuzi. Mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Meatu, kitumba cha pamba hufanya kazi hiyo bila mtambo: kila unyuzi ni seli moja tu iliyorefuka kutoka kwenye ganda la mbegu, na karibu wote ni selulosi.

Hongera wakulima wa Meatu! Tangu 1994, kupitia mradi wa bioRe, wanalima pamba hai: samadi badala ya mbolea ya viwandani, alizeti shambani kuwavuta funza wa vitumba. Palizi inachosha, jamani, na mvaa fulana wa ughaibuni haioni. Wanastahili bei nzuri zaidi.