Nukta Zisizotulia

Chukua picha ya gazeti la zamani, isogeze karibu na jicho. Kijivu hakipo. Kuna nukta nyeusi tu: zilizosongamana zimezaa kivuli, zilizoachana zimezaa mwanga. Hila hiyo ni kongwe na hufaulu maadamu picha imetulia. Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, aliitaka kwenye picha isiyotulia.

Gemu yake Return of the Obra Dinn, iliyotoka 2018, ina rangi mbili peke yake, kama kompyuta za Macintosh za zama za utoto wake. Mwaka ni 1807. Meli ya biashara imejirudisha Falmouth, Uingereza, bila mtu hai, nawe ni mkaguzi wa bima. Una daftari lenye majina 60 na saa ya mfukoni. Ielekeze saa kwenye maiti, nayo inakurudisha kwenye sekunde ya kifo, kila kitu kimeganda. Unatembea humo polepole ukiuliza: huyu ni nani, na kimemuua nini? Ushahidi ni lafudhi, viatu, au namba ya machela aliyolalia. Daftari halikuthibitishii jibu mpaka upatie hatima za watu watatu, hivyo kubahatisha hakukufikishi mbali.

Lakini nukta zinazochora haya yote zilikataa kutulia. Ukigeuza kichwa ndani ya meli, zenyewe zinabaki kwenye kioo huku mbao na nyuso zikipita nyuma yake, kama mtu anayetazama nje kupitia wavu wa dirisha uliojaa vumbi. Macho yanachoka. Pope alijaribu kuzibandika kwenye vitu vyenyewe. Ukikaribia zinavimba, ukienda mbali zinavurugika. Mwishowe akazitandaza ndani ya tufe lisiloonekana linalozunguka kichwa cha mchezaji, zikawa zinageuka pamoja na mandhari. Kwa hesabu yake mwenyewe, kazi hiyo ilimla kama saa 100, naye alijua fika kwamba hakuna atakayeisifu. Kwa kuwa imefaulu, haionekani.

Awali alikuwa Naughty Dog, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, akishiriki kutengeneza gemu za Uncharted. Akaacha, akaanza kufanya karibu kila kitu mwenyewe: programu, michoro, hata muziki. Mwaka 2013 ikatoka Papers, Please, wazo alilolipata akiwa msafiri anayewatazama maafisa wa uhamiaji wakipekua na kugonga mihuri.

Humo wewe ndiye afisa, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Meza yako ni finyu, na ufinyu huo ndio ufundi wenyewe. Pasipoti inafunika kibali, kibali kinafunika kitabu cha kanuni, na kila asubuhi kanuni zinaongezeka. Unalipwa kwa kila kichwa, na nyumbani kuna kodi, chakula, na mtoto anayehitaji dawa. Anafika mwanamume mwenye karatasi kamili, anapita. Nyuma yake ni mkewe, hana kibali. Pope hakuwekei muziki wa huzuni wala hotuba. Anakuachia mihuri miwili, wa kijani na mwekundu, na foleni isiyokwisha.

Obra Dinn aliikadiria kuwa kazi ya miezi. Ikachukua zaidi ya miaka minne. Gemu zote mbili zilitunukiwa tuzo za BAFTA za Uingereza. Baada ya hapo, wengi wangeajiri watu na kutafuta skrini kubwa zaidi. Yeye mwaka 2024 alitoa Mars After Midnight, iliyotengenezwa kwa ajili ya Playdate, kifaa cha kiganjani chenye skrini ndogo isiyo na rangi na mkono mdogo wa kuzungusha ubavuni. Unauzungusha, kidirisha cha mlangoni kinafunguka, na unachungulia nani amekuja kubisha hodi usiku huu.