KICHWAMAJI NA FOMU YA MASOMO: UHAKIKI KWA MWANAFUNZI ASIYEJUA ACHAGUE NINI

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, sisi walimu wa Kiswahili hupokea wanafunzi wa aina tatu. Wapo waliotuchagua. Wapo waliotukimbilia baada ya kukosa kozi waliyoitaka. Na wapo wasiojua wamefikaje mlangoni kwetu. Makala haya yanawahusu hao wa tatu, na yanatumia riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ambayo wengi wenu mtakutana nayo darasani.

Nianze na mmoja wao. Mimi huishi Kaberebere, mji mdogo ulio kwenye njia ya kutoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Asubuhi moja ndani ya teksi nilikaa na binti wa mwaka wa kwanza, Mkongomani aliyekulia Nakivale. Mkononi alikuwa na fomu ya kutaja masomo mawili ya kufundishia. Somo la kwanza, Historia, alikwisha kuliandika. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Nilipomwuliza jinsi alivyoingia kwenye ualimu alijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, balinipatia tu."

Jibu hilo si la wakimbizi peke yao. Wenzake Waganda husema, "Nimepewa Elimu." Tuitazame sarufi yake. Mmoja anatumia kauli ya kutendwa, mwingine anatumia "ba-" ya watu wasiotajwa. Katika sentensi zote mbili aliyechagua hayupo, na mwenye maisha yake amekuwa mpokeaji.

Sasa tumtazame Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji. Wanafunzi wengi huandika katika mitihani kwamba Kazimoto aliangamizwa na elimu ya kigeni iliyomtenga na jamii yake. Wengine hutaja udhanaishi na kuishia hapo. Sikatai, lakini naona tunapita karibu na jambo bila kulishika. Kazimoto ni mwanachuo wa Dar es Salaam, ila sehemu kubwa ya riwaya iko kijijini, si darasani. Tunajua mengi kuhusu anachokichukia na machache sana kuhusu anachokipenda. Hata anapoamua, uamuzi wake ni mwangwi wa tendo la mtu mwingine. Anamwendea Sabina, dada yake Manase, kwa kisasi, kwa sababu Manase alimharibia dada yake, Rukia. Baadaye anamwoa. Mwishowe mtoto wao anafariki naye Kazimoto anajiua. Kwa maoni yangu, huyu ni kijana aliyefika mbali bila kuanza safari yake mwenyewe.

Nilimwazima binti yule kitabu. Wiki mbili baadaye alinirudishia kwa neno ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, ninyi wote mnamsema Kazimoto. Rukia je? Nani alimwuliza Rukia anataka nini?"

Swali hilo ni uhakiki kamili. Rukia anapachikwa mimba, anakufa, na kifo chake kinageuka sababu ya matendo ya kaka yake. Kazimoto alikuwa na nafasi ya kuchagua akaitumia vibaya. Rukia hakupewa hata nafasi hiyo. Hapa ndipo naona udhaifu wa riwaya hii nzuri: kukata tamaa kwa wanaume kunapewa kurasa nyingi za fikra, na wanawake wanabakia kulipa gharama. Msomaji aliyeishi kwa kupangiwa eneo, posho na shule aliliona hilo kabla ya mwalimu wake.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mwandishi mwenyewe hakufuata njia iliyonyooka. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alihitimu mwaka 1970. Mwaka uliofuata alichapisha Rosa Mistika. Baadaye, kwa shahada ya uzamili, alimtafiti Shaaban Robert. Aliyetuchorea Kazimoto alikuwa amejua kubadili njia bila kupotea.

Turudi kwenye fomu. Siku hizi washauri ni wengi. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima. Kwa hiyo kila mjomba anasema, "Chukua Kiswahili, kuna kazi." Idara yetu inahitaji wanafunzi, nami ningefaidika kwa kunyamaza. Lakini anayekuja kwa sauti ya mjomba ataondoka kwa sauti ya shangazi. Na anayekuja kwa kuwa amekizungumza tangu utotoni atashtuka atakapokutana na ngeli, fonolojia na mizani ya ushairi.

Ushauri wangu ni mfupi. Kutoamua si aibu. Omba kuketi katika mihadhara ya masomo mawili au matatu kabla tarehe ya mwisho haijafika. Jiulize ni kitabu gani ungeendelea kukisoma hata kama hakuna mtihani. Kisha tunga sentensi yenye nafsi ya kwanza na kauli ya kutenda: "Ninachagua."

Binti yule alijaza nafasi yake siku ya mwisho. Alichoandika sitakisema hapa, kwani wengine mngekinakili. Nilimwuliza tu nani amemshauri. Akacheka, akanijibu kwa kile kile Kiswahili cha kwao: "Hakuna, Mwalimu. Ni miye."