Papai la Chato na Mkono wa Polimerasi

Hotuba ya Hayati Rais Magufuli huko Chato, tarehe 3 Mei 2020, kuhusu vipimo vya korona, sina haja ya kuisimulia upya, maana kila aliyekuwa na redio aliisikia, na huku Haydom ilifika kwa sauti ile ile iliyofika Kariakoo. Ila insafu yanilazimu kutangulia kusema kwamba Rais, sampuli za papai, fenesi, mbuzi na mafuta ya gari zilipopelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa watu, pasi na mpimaji kujua, alikuwa amefanya mtihani halali, ambao maabara yenye kujiheshimu hujifanyia yenyewe. Kosa halikuwa mtihani. Kosa lilikuwa namna majibu yalivyosomwa, nalo ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angekatwa alama.

Papai lilionekana lina virusi vya korona, na mbuzi kadhalika; mafuta ya gari hayakuwa navyo; fenesi likawa halieleweki. Kutokana na hayo vipimo vikashukiwa kuwa vibovu na wapimaji kuwa wamenunuliwa, mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi, na hesabu ya taifa ikakomea wagonjwa 509 na vifo 21, isiongezwe hata mmoja kwa zaidi ya mwaka. Maabara nayo haiepuki taksiri. Lakini mtihani wa kificho ukishindwa hauthibitishi zaidi ya kwamba mahali fulani pana mlango ulioachwa wazi, na kazi ya asubuhi ya pili yake ni kuutafuta mlango huo: sampuli ile ile ya papai irudiwe mara tatu, kando yake kiwekwe kichupa cha maji matupu, na nusu yake ipelekwe kwa wapimaji wengine. Sisi tulifunga daftari.

Tukumbuke kilichokuwa kikitafutwa. Kipimo walichokitoa akina Corman na Drosten huko Berlin Januari ya mwaka ule, ambacho nchi nyingi zilikifuata, kilitegemea hasa jeni mbili, na mojawapo ni ya polimerasi, kimeng'enya ambacho virusi vya RNA hubeba maelezo yake vyenyewe, kwa kuwa seli ya mwenyeji haina mashine ya kuviazimisha kwa kazi hiyo. Umbo lake ni mkono wa kuume uliokunjwa nusu, wenye vidole, kiganja na kidole gumba. Ndani ya kiganja asidi za aspati zimeshika ayoni mbili za magnesiamu, na hapo ndipo nyukliotidi mpya huingia, ikapimwa kama yaafikiana na herufi iliyo mbele yake, ikaungwa, uzi ukasogea hatua moja. Ile ya korona, nsp12, haifanyi kazi barabara bila wasaidizi wake, nsp7 mmoja na nsp8 wawili. Wachunguzi wa Uchina walilichapisha umbo hilo Aprili 2020, wiki chache tu kabla ya papai letu. Kiganja hiki hakistahimili mabadiliko ya ovyo, maana virusi vikikosea hapo havipati uzao, na ndiyo sababu jeni yake ikafaa kuwa alama.

Na kipimo chenyewe, PCR, ni polimerasi mbili za kuazima: ya kwanza, inayogeuza RNA kuwa DNA, aghalabu asili yake ni virusi vya panya; ya pili ni ya bakteria ambaye Thomas Brock alimwokota katika chemchemi za moto za Yellowstone miaka ya 1960. Hii ya pili huzidisha maradufu kila mzunguko, na mizunguko 40 ikitimia, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni 1,000, hata tone lisiloonekana likiruka kutoka kichupa cha mgonjwa wa kweli, papai nalo huugua. Basi lilionekana mzunguko wa ngapi? Papai la mzunguko wa 18 ni ajabu ya dunia. La mzunguko wa 38 ni vumbi la mezani. Fenesi lisiloeleweka aghalabu huwa ni jeni moja imejitokeza na ya pili imekaa kimya, jambo ambalo kwa ajuaye lanuka uchafu kidogo, si hongo. Fauka ya hayo, vipimo kadhaa hutafuta pia jeni ya binadamu, RNase P, kuhakikisha kwamba kijiti kweli kiligusa pua ya mtu. Kama papai halikuwa nayo, jibu lilistahili kutiliwa shaka kabla ya kutiwa saini; kama lilikuwa nayo, basi mtu, au sampuli ya mtu, aliingia humo. Maswali haya sikuyasikia yakiulizwa redioni.

Wasomaji wangu wa zamani watanisamehe nikirudia wimbo wangu: neno "chanya" likiandikwa peke yake kwenye cheti, bila namba ya mzunguko, ni hukumu isiyo na ushahidi. Niliwahi kuiomba namba hiyo dirishani pa maabara moja nitakayoisitiri jina, nikajibiwa, "Mzee, hiyo si ya mgonjwa." Ilhali hapa Haydom, katika utafiti wa MAL-ED ulioanza 2009 kwenye vituo vinane vya dunia, vinyesi vya watoto vilionyesha kwamba hata mtoto mzima, anayecheza uani, hubeba vimelea chungu nzima, ikabidi kupima kiasi na si kuwapo tu, na kila sampuli ikatiwa kwanza virusi vya MS2, ambavyo visipoonekana mwishoni hujulikana kwamba upimaji wenyewe umeharibika. Kazi safi.

Nami nikilikumbuka papai huwakumbuka watu wa Newala ya 1952 na 1953, siku za ugonjwa ambao Wamakonde waliuita chikungunya kwa jinsi unavyomkunja mtu: Marion Robinson aliyewachunguza wagonjwa, Lumsden aliyeufuatia mkondo wa maradhi na mbu wake, na Ross aliyevipata virusi vyenyewe. PCR hawakuwa nayo, na polimerasi ya virusi hawakuijua. Walikuwa na damu ya wagonjwa, mbu, na panya wachanga. Panya walipokufa Ross hakusema imetosha, bali alichukua maji ya damu ya watu waliopona, akayachanganya na virusi vile, aone kama panya wengine watanusurika. Na ripoti yake ikatoka 1956, miaka mitatu baada ya sampuli za Newala.