Fasili Inayojua Kuondoka

Chukua slaidi moja ya mafunzo ya utunzaji wa chanjo. Inasema: “Kabla ya kufungua kichupa, kagua VVM.” Herufi hizo tatu zimepigiwa mstari, na mshiriki akizibofya kinafunguka kidirisha chenye maneno haya: kifaa cha kufuatilia hali ya joto ya kichupa cha chanjo. Fasili hiyo ni sahihi, hata kamusi ingeikubali. Lakini mhudumu wa afya aliyeisoma bado hawezi kukagua chochote, kwa sababu hajui alama iko wapi, inafananaje, wala ikibadilika afanye nini. Ilinganishe na hii: alama ya duara iliyo kwenye lebo au kifuniko, yenye mraba katikati; mraba ukifanana rangi na duara linalouzunguka, au ukiwa na weusi zaidi, usitumie chanjo hiyo. Ya pili ni ndefu zaidi, lakini anayeisoma anarudi kwenye sentensi na kuitekeleza. Kipimo changu cha ufundi wa fasili ibukizi kama hizi kiko hapo: msomaji akifunga kidirisha, je, sentensi aliyoiacha imefunguka?

Ufundi wenyewe si mgeni kwa watu wa pwani. Katika vitabu vingi vya fiqhi vya zamani vinavyosomwa kwenye darsa, matini hukaa katikati ya ukurasa na sherehe au hashiya, yaani maelezo ya matini hiyo, huizunguka pembeni. Jicho hutoka kwenye neno, likaenda pambizoni, likarudi, na ukurasa haufunuliwi. Watafiti wa ujifunzaji wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Paul Chandler na John Sweller walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba maelezo yanayotenganishwa na kile yanachokieleza humchosha mwanafunzi, kwa kuwa akili inabeba kimoja huku ikitafuta kingine. Richard Mayer naye amesisitiza kuweka maneno karibu na picha inayohusika. Kwa hiyo kidirisha kinachofunguka kona ya mbali, au kinacholifunika neno lenyewe, kimeshaanguka kabla hata maandishi yake hayajasomwa. Mahali pake ni chini au juu kidogo ya sentensi, ili vyote viwili vionekane kwa pamoja.

Katika maneno yenyewe, la kwanza kuamua ni kiasi. Alama ya VVM ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio. Ni habari ya kweli na ya kuvutia, ila sentensi yetu haiihitaji, basi ikae kwingine. Kuna jambo jingine, hata hivyo, ambalo fundi hodari haliachi. Alama hii hufuata joto lililojilimbikiza kwenye kichupa, na haionyeshi kama chanjo iliwahi kuganda. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, inayotunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, inaweza kuharibiwa na barafu huku mraba wake ukionekana salama kabisa. Asiyeambiwa hivyo ataiamini alama na kuchoma sindano isiyo na kinga. Jina “kifuatilia joto” linamshawishi mtu kudhani kwamba baridi nayo imo, na ni kazi ya fasili kulizuia wazo hilo kwa sentensi moja: “Haionyeshi kama chanjo iligandishwa.” Fasili inayotaja mpaka wa neno namna hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na ni adimu.

Kichwa cha kidirisha nacho kina siri yake katika lugha yetu. Kamusi huorodhesha vitenzi kwa mashina, na anayetafuta “iligandishwa” sharti ajue kwanza kwamba njia inapitia “ganda”. Slaidi haina sababu ya kumtembeza huko. Kidirisha kianze na neno kama lilivyo kwenye sentensi, viambishi vyake vyote vikiwa mahali pake. Na kama kituoni watu wanasema VVM, kumpa mshiriki istilahi ya Kiswahili peke yake ni kumwacha asiielewe lebo atakayoishika kesho. Viwekwe vyote viwili, jina la kazini likitangulia. Fasili ikiwa na neno gumu linalofungua kidirisha cha pili, iandikwe upya.

Kisha kuna mitambo. Katika PowerPoint, kichocheo cha kufungua kidirisha hufungwa kwenye umbo, hakishiki neno moja ndani ya aya, na ndiyo maana watengenezaji huweka mstatili usioonekana juu ya neno. Slaidi ikihaririwa, au ikitafsiriwa kutoka Kiingereza, neno husogea na mstatili ukabaki palepale. Msomaji anabofya neno, kimya. Wengine hukwepa tabu hiyo kwa kidokezo cha kiungo kinachojitokeza kishale kikipita juu, lakini simu ya mkononi haina kishale, na wahudumu wengi husomea kwenye simu. Jaribu pia kubofya pembeni ya kidirisha ili kukifunga. Kama slaidi nzima imesonga mbele, mtengenezaji hakuondoa ruhusa ya kusonga kwa kubofya. Miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ya mwaka 2018, iliyoandikwa kwa ajili ya tovuti, inafaa kuazimwa hapa: maandishi yanayojitokeza kwa kishale yaweze kufungwa bila kusogeza kishale, yasitoweke kishale kikipita juu yake, na yadumu mpaka msomaji ayafunge au aondoe kishale. Toleo la 2023 liliongeza kwamba kitu cha kubofya kiwe, kwa kawaida, na angalau pikseli 24 kwa 24. Mwisho, geuza faili kuwa PDF. Vidirisha vyote vitatokea kwa mkupuo, vikilalia sentensi. Aliyejali wasomaji wa karatasi atakuwa ameandaa nakala nyingine, yenye fasili chini ya ukurasa.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii yote haina haja, kwamba istilahi zifundishwe mwanzoni. Wana hoja nzito, na Mayer mwenyewe anaiunga mkono: anayeyajua majina ya mambo makuu kabla ya somo hujifunza vizuri zaidi. Nakubali, kwa maneno matatu au manne yanayobeba somo. Lakini darasa la wahudumu lina mkongwe wa miaka mingi na aliyeajiriwa juzi, na orodha ya maneno ishirini mwanzoni itamchosha wa kwanza na kusahauliwa na wa pili kabla ya slaidi ya tano. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba watu hawabofyi. Ni kweli, wengi hawabofyi, na jibu lake linabana: lile ambalo kila mtu lazima alijue halifichwi. Katika mfano wetu, kanuni ya mraba na duara inastahili kuwa wazi juu ya slaidi, pamoja na picha, hata kama fasili yake ibukizi ni nzuri kiasi gani. Kidirisha kibaki na maneno ambayo baadhi tu ya washiriki watakwama kwayo. Ukikuta slaidi moja yenye maneno saba yaliyopigiwa mstari, usianze kukagua vidirisha. Rudi kwenye sentensi, maana hapo iliyohitaji kuandikwa kwa Kiswahili chepesi ni sentensi yenyewe.