Mng'ao Husomwa Chini ya Taa

Kifuniko cha saiti mira ya gari kilicho mbele yangu ni cheusi, kimepigwa nyumbani kwa rangi ya kopo la kupuliza. Kwa mbali kinavutia. Lakini katika kazi ya rangi weusi ni maudhui, mng'ao ni fani, na fani haihakikiwi kwa mbali. Nimekiweka chini ya taa ya tyubu, nikaufuata mstari wa mwanga juu ya uso wake.

Katikati, mstari unapinda pamoja na umbo la kifuniko bila kukatika. Hapo kazi ilifanyika kabla ya rangi: plastiki ilisuguliwa kwa msasa wa maji mpaka mikwaruzo ikaisha, ndipo praima ikafuata. Rangi ya msingi hukauka ikiwa imefifia. Kinachong'aa ni kliya, tabaka angavu la juu, nayo hulala kama ilivyotandikiwa. Praima yenye vinundu huzaa kliya yenye vinundu.

Kushoto, mstari unavunjika vipande, uso umekuwa kama ganda la chungwa. Mkono ulikaa mbali mno, matone yakafika yameanza kukauka, hayakuwahi kuungana. Chini yake kuna mchirizi: hapo mkono ulisita huku kopo likiendelea kutema. Kasoro hizi mbili zina mzizi mmoja, mkono usio na mizani. Mpigo mzuri huanzia nje ya kifaa na kuishia nje yake, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukifunika nusu ya mpigo uliotangulia. Tabaka la kwanza la kliya huwa jepesi. Baada ya dakika 10 hadi 15 hufuata lile lililolowa, na hilo ndilo linalobeba mng'ao.

Ukingoni, praima inachungulia. Rangi mbichi huukimbia ukingo mkali, na huu haukulainishwa mapema.

Hukumu yangu: kazi imefaulu katikati, imeanguka pembeni, lakini inaokoleka. Kliya ikishakauka kabisa, mchirizi ushushwe kwa msasa uliozungushwa kwenye kibao, uso mzima usuguliwe kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, ukamaliziwe kwa kompaundi. Ukingo upigwe rangi na kliya upya. Na ukichagua kliya yenye hadna (kigumishi), fanyia kazi mahali penye hewa na uvae barakoa yenye kichujio cha kemikali. Barakoa ya vumbi haizuii isosianeti ya hadna, na isosianeti hudhuru mapafu.