Jiwe Lilazwe Kama Lilivyolala

Mgeni mwenye siku chache mjini Edinburgh hukimbilia ngomeni kwanza, kule juu ya mwamba wa volkano iliyokufa. Aende, maana ndani yake kuna kikanisa cha Mtakatifu Margaret, cha karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini. Lakini akishashuka, ningemwomba asogee ukutani. Ukuta wowote: wa kichochoro kinachoteremka kutoka barabara ya Royal Mile, wa ngazi za nyumba ya ghorofa, wa benki. Asogee mpaka aliguse jiwe kwa kiganja. Edinburgh ni kazi ya waashi, na kazi ya mwashi huonekana vizuri ukiwa karibu nayo.

Anayesafiri peke yake ana nafasi hiyo. Hana wa kumhimiza, wala wa kumwuliza anatafuta nini kwenye ukuta mtupu. Nilipita mjini humo peke yangu kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya muda huo niliwapa waashi.

Jiwe lao ni la mchanga: mchanga uliotuama majini zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ukashindiliwa hadi ukawa mwamba. Ndani yake mna tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma. Ujuzi wa fundi unaanzia hapo. Kabla hajashika nyundo na tindo hutazama jiwe lilivyokuwa limelala machimboni, na ukutani hulilaza vilevile, tabaka zikiwa sambamba na ardhi. Akilisimamisha, uso wa tabaka ukaelekea nje, litapendeza siku ya kukabidhi kazi. Kisha maji ya mvua yatapenya, yatagandishwa na baridi, na miaka ikipita jiwe litabanduka ganda baada ya ganda. Nimeyaona mawe ya namna zote mbili yakipakana katika ukuta mmoja, moja likiwa zima, jirani yake limeliwa hadi kina cha kidole. Aliyelipa hakuweza kujua, na wapita njia hawakuweza kujua. Fundi peke yake ndiye aliyejua, siku ile, lipi limelazwa sawa. Uaminifu wa namna hiyo, usio na shahidi, ndio unaonifanya niuheshimu uashi kuliko sanaa nyingi zinazopigiwa makofi.

Uaminifu huo haukuachwa uwe wa bahati tu. Mwaka 1598 William Schaw, msimamizi wa majengo ya mfalme wa Uskoti, alitoa kanuni kwamba mwanagenzi atumike miaka isiyopungua 7, na kwamba fundi akipokewa katika chama, jina lake na alama yake viandikwe kitabuni. Alama hizo ni mistari michache iliyochorwa kwa tindo. Zipo bado kwenye majengo ya kale, kwa anayejua pa kutazama.

Jiwe lililojenga sehemu kubwa ya Mji Mpya, ule ambao ramani yake ilichorwa na kijana James Craig mwaka 1767, lilichimbwa Craigleith, upande wa magharibi. Ni gumu ajabu. Juu ya kilima cha Calton zimesimama nguzo 12 za jiwe hilo, mwanzo wa mnara wa taifa ulioanzwa mwaka 1826 ukakwama mwaka 1829 fedha zilipokwisha. Wengi huuona mnara usiokamilika. Mimi niliziona nguzo 12 zilizokamilika kabisa, zenye viungo vyembamba hata ukucha haupiti. Ila ugumu huo ni wa silika, na vumbi la silika liliingia mapafuni mwa waliolichonga. Waashi wa karne ya 19 walikohoa, wakadhoofika, wakafa kabla ya uzee. Mitaa ile mizuri iliyonyooka iliwagharimu watu uhai, na anayeisifu awataje.

Baadaye ilikuja saruji. Katika karne ya 20 viungo vya kuta za kale vilijazwa saruji kwa nia njema, na mawe yakaanza kuoza. Sababu yake ni rahisi. Chokaa, iliyokuwamo viungoni hapo awali, hupumua, na unyevu ulioingia ukutani hutoka kupitia kwenye kiungo. Saruji huziba njia hiyo, kwa hiyo unyevu hutokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linaloharibika badala ya kiungo. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu, wenye kuta za matumbawe, wanaujua msiba huu bila kuelezwa. Huko Uskoti sasa wamerudi kwenye chokaa, na vijana wanafundishwa uashi wa kale.

Kazi iliyonikalisha muda mrefu zaidi ni mnara wa mwandishi Walter Scott, mita 61 za mawe pembeni mwa Princes Street. Mbunifu wake, George Meikle Kemp, alikuwa mtoto wa mchungaji wa kondoo aliyejifunza useremala. Aliingia mashindano kwa jina la kujificha la John Morvo, mjenzi wa zama za kati anayetajwa pamoja na abasia ya Melrose: fundi aliyejiweka chini ya fundi. Alizama mferejini mwaka 1844 na hakuuona ukimalizika. Jiwe lake, la Binny, lina mafuta ndani yake, hivyo lilishika masizi ya makaa ya mawe likawa jeusi. Julius Nyerere, aliyesoma katika chuo kikuu cha mji huu kuanzia 1949 hadi 1952, aliukuta moshi huo ungali hewani. Sheria ya kuudhibiti ilipitishwa mwaka 1956.

Miaka ya 1990 mnara ulipokarabatiwa, wataalamu walijaribu kuusafisha, wakaona dawa zinalidhuru jiwe, wakaacha. Mawe yaliyokufa tu ndiyo yaliyobadilishwa, na ili mapya yalingane na ya Kemp, machimbo ya Binny yalifunguliwa upya. Viraka vyao ni vya rangi ya manjano katikati ya weusi, na mtu aliye upande wa pili wa barabara anaviona. Wangeweza kuvipaka rangi. Hawakuvipaka, na walifanya vyema: kila atakayepanda ngazi 287 za mnara ataweza kutofautisha mkono wa waashi wa mwaka 1844 na mkono wa wajukuu wao.