Ufundi wa Kusubiri

Sifa kubwa ya Soul Power, filamu aliyoitoa Jeffrey Levy-Hinte mwaka 2008 kuhusu tamasha la muziki la Zaire 74, si majina yaliyomo. James Brown, Miriam Makeba na Celia Cruz wangevuta watazamaji hata wangepigwa picha ovyo. Sifa ni ya wapiga picha, Albert Maysles akiwa mmojawapo, waliofika Kinshasa Septemba 1974 wakijua kusubiri. Mafundi wanaojenga jukwaa wanatazamwa kwa utulivu uleule wanaotazamwa nao nyota, na hakuna msimulizi wa kutufasiria. Bill Withers anapoimba taratibu na gitaa lake, kamera haina haraka ya kumwacha. Huzuni inapita usoni pake kabla haijafika kwenye sauti, nasi tunaiona kwa sababu kuna mtu aliyeheshimu wimbo hadi mwisho.

Wapo wanaolalamika kwamba Franco na Tabu Ley, wenyeji wa sherehe, wanapita upesi mno. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ni ya meza ya uhariri, si ya waliorekodi. Mikanda ilikwama miaka mingi katika migogoro ya kisheria. Hata hivyo, mwaka 2017 Hugh Masekela na Stewart Levine, waandaaji wa tamasha, walitoa albamu ya wasanii wa Kiafrika peke yao. Kilichorekodiwa vizuri huweza kudai haki yake hata baada ya miaka 43. Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, inalijua hilo pia: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na wapiga gitaa bado wanajifunza kwa vidole vya Mwenda.

Wengine watasema simu zimemaliza tatizo la kurekodi, maana kutoka Naviundu hadi Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, hakuna arusi isiyorekodiwa. Lakini wingi wa picha si ufundi. Mkono unayumba, sauti inapasuka, mpiga solo anakatwa kichwa ili bibi arusi aonekane, na jina la mpiga solo huyo haliandikwi popote. Simu ikiharibika, kila kitu kimekwenda nayo. Wazee waliopiga gitaa la Katanga wanazidi kupungua, nasi tunawapa sekunde chache kabla ya kugeuza kamera kwetu wenyewe. Huo si umaskini wa vyombo, kwa maana Tracey alikuwa na vichache kuliko sisi. Ni uvivu wa kusikiliza, na gharama yake watailipa wajukuu watakaotaka kujifunza wasipate pa kuanzia.